Sindano Kwenye Sabuni

Lupiro,
16 Februari 2025

Mdogo wangu Digna,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mpunga wa bondeni umeshika vizuri na tuko kwenye palizi. Mgongo wangu unalalamika, lakini magugu hayamsubiri mtu. Jirani yetu Minza, mke wa Masanja mwenye ng'ombe, amejifungua mtoto wa kike. Maziwa bado anatuletea, na mimi chombo chake sikirudishi kitupu, namtilia mchele. Mama yupo. Macho yamekwisha kabisa sasa, anajua tu huku ni mlango na huku ni ukuta, ila ulimi ni uleule. Jumapili iliyopita alimwambia katekista kwamba mahubiri yake yangefaa kutolewa zahanati kwa watu wasiopata usingizi. Niliona aibu mpaka nikajifanya nafunga kiatu.

Nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu yako tangu kabla ya Krismasi haipatikani. Hata ingepatikana, hii yangu inapiga kelele kiasi kwamba mama akiwa uani anasikia kila neno. Barua nampa Fulgensi, si unajua anapandisha mchele kwa treni mpaka Makambako na kushusha viazi. Atakufikishia.

Sasa nisikilize. Nataka uje umchukue mama baada ya Pasaka, akae kwako mpaka mvua zijazo. Nina shughuli Ifakara ambayo siwezi kuifanya huku namshika mtu mkono kwenda chooni. Usiniulize shughuli gani. Tangu baba atutoke nipo naye mimi peke yangu, Digna, na sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba.

Yeye nimemwambia tu, "Mama, kuna safari inakuja." Hakuuliza hata ya wapi. Akaniambia nimletee kanga kubwa na lile kopo la maziwa ya unga, akaanza kufunga vitu vyake vya kushonea. Maana anashona lile shuka la viraka, juu viraka, katikati blanketi kuukuu la baba, chini shuka jeupe, na mkono wake unapita tabaka zote tatu kama vile anaona. Anasema ni lako, la baridi. Basi ungemwona! Vitambaa amevifunga mafungu mafungu kwa kamba, fundo moja ni kitenge, mawili ni kanga, matatu ni suti ya baba. Mkasi ameuvika soksi ya mtoto. Kuna kipande cha nta, na kastabini ya kukinga kidole aliyojitengenezea kwa ngozi aliyopewa na Masanja. Mzingo wa chekeche anaotumia kuwamba kitambaa haukuingia kwenye furushi, akaufunga nje.

Na sabuni. Amechukua kipande cha sabuni ya mche anachomekea sindano, anasema zikitoka humo zinateleza vizuri kwenye kitambaa. Lakini kila sindano lazima iwe imeshatungwa uzi, kwa sababu huko aendako hataki kuzunguka akiomba watu wamtungie. Anayetunga ni nani? Ni mimi, kila asubuhi kabla ya shamba. Nikishamaliza anafungua furushi, anashona, sindano zinakwisha, anafunga upya, kesho nianze tena. Nimechoka mpaka vidole, mdogo wangu.

Halafu Krismasi ulikaa kidogo mno. Tena ulikuja umebeba kichwa cha cherehani chako, nikadhani unamalizia gauni za wateja, ukarudi nacho hujashona hata pindo. Hayo ni mapumziko gani?

Msalimie shemeji Faustin.

Dada yako,
Restituta


Makambako,
14 Machi 2025

Shikamoo dada Resti,

Natumaini mnaendelea vizuri. Huku baridi imeanza mapema, asubuhi ukichota maji vidole vinakufa ganzi. Faustin hajambo, anakusalimu. Kazi ya ushonaji si mbaya, sare za shule zimenisaidia. Mpe Minza hongera, na huyo mtoto mwambie shangazi yake wa Makambako atamshonea gauni. Katekista nimemhurumia, lakini nilicheka peke yangu mpaka fundi mwenzangu Eveline akaniuliza kuna nini.

Kuhusu mama, dada, naomba uvumilie kidogo. Nyumba tumeibomoa upande mmoja, tunaezeka upya, vumbi tupu. Mzee haoni, atajikwaa kwenye mbao. Tukimaliza mvua tu nitakuwa na la kusema. Simu nayo imeharibika, wewe niandikie tu kupitia kwa Fulgensi, na barua ziachwe kwa Eveline pale sokoni, ndipo rahisi kunipata.

Huo mzigo wa mama umenitia huruma. Mwambie mkasi usikae juu, ukae chini kabisa katikati ya vitambaa, maana kwenye treni watu wanakanyaga mizigo. Uzi usizungushwe kwenye kijiti, unakatika, auzungushe kwenye karatasi ngumu. Kopo alizibe kwa kitambaa kabla ya mfuniko ili sindano za akiba zisilie njia nzima. Kwenye gunia la viazi nililompa Fulgensi nimeweka mfuko wa mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi wa hapa. Kuna kitenge cha bluu kizito, hicho akiguse atakipenda.

Na hilo shuka, mwambie alifanye pana. Kitanda chetu ni futi tano kwa sita.

Shughuli yako ya Ifakara ni ipi? Umesema nisiulize, lakini umenitia wasiwasi.

Mdogo wako,
Digna


Lupiro,
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Digna,

Kristo amefufuka. Tumekula Pasaka kwa dagaa, maana Ifakara hakufikiki. Mto umetapika. Maji yalikata barabara, mashamba ya chini yakawa bahari, na barua yako ya Machi imenifikia juzi ikiwa ndani ya gunia la viazi vilivyooza. Nimefua mabaki yako mara tatu na bado yananuka. Mama anashona hivyohivyo. Anasema pua yake nayo imezeeka. Hicho cha bluu amekipenda kweli, anakipapasa kama shavu la mtoto. Mpunga wa juu umepona, wa chini umekwenda na maji. Ndiyo hivyo.

Furushi limefungwa na kufunguliwa mpaka kanga imechanika nikampa nyingine. Mafundisho yako nilimsomea. Akasema, "Mwambie Digna nilikuwa nafunga mizigo kabla baba yake hajaniona." Lakini mkasi ameuhamishia chini, nimemchungulia. Sabuni sasa anataka ijae sindano upande na upande. Nilimwambia zinatosha, tukagombana. Siku hizi nikikaa kutunga uzi, macho yanaingia ukungu na uzi unapita pembeni ya tundu. Ananisubiri bila kunifokea, na hilo silipendi kwa sababu si kawaida yake.

Sasa nitakwambia, kwa kuwa kukuficha kunanichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Nina uvimbe tumboni. Nilikuwa nikitokwa damu tangu mwaka jana, nikajidanganya kuwa ni umri. Hospitalini Ifakara wamesema wanipasue, wamenipangia Julai tukishavuna. Uvimbe wakiutoa wataupima ndipo wajue ni wa namna gani. Na nikitoka nisinyanyue hata ndoo kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo shughuli. Mama hajui, na wewe usimwambie. Nimemwambia Minza tu, tangu Januari, tulipokuwa nyuma ya jiko tunapepeta.

Kwa hiyo usiniambie habari za vumbi. Vumbi na mimi nani mwenye haki ya kusubiri?

Jambo jingine. Fulgensi anasema mara ya kwanza alipeleka barua nyumbani kwenu, akafunguliwa mlango na mwanamke asiyemjua aliyejifunga kanga, akamwelekeza kwa Eveline. Nimemwambia atakuwa dada yake Faustin. Ni dada yake Faustin?

Restituta


Makambako,
25 Mei 2025

Shikamoo dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini sokoni katikati ya watu. Nimelia, dada. Kwa nini ulikaa na kitu hicho mwaka mzima? Unalima nacho, unamwongoza mama nacho, na mimi ninakuandikia habari za mkasi. Nisamehe.

Nimefikiri usiku na mchana. Mama usimlete huku. Ninapokaa hapafai mzee, naomba uniamini na usinidai sababu. Hapana pa kumlaza na choo kiko mbali. Nimeuliza kama masista wa Ifakara wangeweza kumpokea kwa muda, au Minza aje alale hapo nyumbani. Nitatuma chochote ninachopata.

Kuja mwenyewe natamani, lakini sare za muhula zimenibana na nikiondoka nafasi yangu itachukuliwa. Sina nyingine.

Kuhusu huyo mwanamke, Fulgensi ana maneno mengi kwa mtu anayeuza mchele.

Nakuombea kila jioni.

Digna


Lupiro,
6 Julai 2025

Digna,

Nimekuelewa.

Kesho alfajiri naenda Ifakara. Minza atakuja kulala na mama, pamoja na mtoto mgongoni, na watoto wake wakubwa nani atawapikia sijui, lakini amekubali kabla sijamaliza kuomba. Mtu wa kutoka Shinyanga, hatuchangii hata babu. Masista niliwaza, nikaona siwezi kumfanya mama mgeni uzeeni. Mpunga uliopona uko ndani. Kuku watatu nimempa Minza.

Mama nimemwambia nakwenda kwenye semina ya akina mama wa kanisa. Yuko mlangoni tangu asubuhi, amevaa gauni la misa, furushi liko mapajani na chekeche lake limening'inia. Anasema tunaondoka saa ngapi. Nimemwambia safari yako imeahirishwa mama, Makambako hawako tayari. Anajibu "haya" na hanyanyuki. Nadhani akili nazo zimeanza kumwacha. Sina nguvu ya kumfungulia tena mafundo yale, acha akae na furushi lake.

Sindano nimemtungia zote, sabuni imejaa mpaka haishikiki. Nilimaliza macho yananiuma nikajiuliza kama ndiyo mara ya mwisho. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli niliwaza. Naogopa, Digna. Sina wa kumwambia.

Restituta


Ifakara, wodini,
21 Julai 2025

Mdogo wangu Digna,

Nipo hai. Naandika nimelala, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima. Uvimbe wametoa, majibu ya kipimo bado. Kidonda kinavuta nikicheka, na humu wodini kwa bahati mbaya nachekeshwa kila siku. Sikiliza kwanza.

Ile alfajiri bajaji ilipofika, mama alikuwa palepale mlangoni. Akasema, "Nishike mkono." Nikamwambia, "Mama, Makambako hatuendi." Akasema, "Nani kataja Makambako?" Nikaweka mfuko wangu kwenye bajaji. Akasema, "Nimekuwa kipofu, Resti, sijawa kiziwi. Wewe na Minza mnapepeta nyuma ya jiko mkidhani ukuta wa matete unazuia maneno. Twende, utachelewa kupasuliwa."

Niliketi chini kwenye udongo, na nguo zangu safi. Nikamuuliza, kama uliyajua kwa nini ulinisumbua miezi yote hii na sindano? Akanijibu kwa hasira, kama mtu anayeulizwa upuuzi: "Wewe ukilala kitandani nani atanitungia?"

Digna, nilikuwa natunga uzi kwa ajili ya kitanda changu mwenyewe. Kila asubuhi nilimnung'unikia moyoni, nikisema mzee huyu ananimaliza. Furushi lote lile lilikuwa la kuja kukaa na mimi.

Basi tukaja, mimi, mama, na Minza na mtoto wake, kwa sababu mwuguzaji wangu naye anahitaji mwuguzaji. Nesi wa zamu alisema mkasi hauingii wodini. Mama akamwambia mkasi umevaa soksi, umelala, hauna fujo. Wakakubaliana ukae ofisini kwa nesi na mama aombe kila anapotaka kukata, na anaomba kila saa mpaka wamechoka wakamrudishia. Siku ya pili alipoteza sindano kwenye mashuka na wodi nzima ya wanawake waliopasuliwa ikaitafuta huku imeshika matumbo. Ilikuwa kichwani kwake, amechomeka kwenye kilemba.

Siku yenyewe ya kupasuliwa niliingizwa ndani asubuhi. Minza ndiye kanisimulia. Mama alikaa kwenye benchi la nje akashona bila kula. Sindano za upande mmoja zikaisha, akageuza sabuni, za upande wa pili nazo zikaanza kwisha. Ilipobaki moja akaitoa, akaishika, hakushona. Minza akamwambia, "Bibi, lete nikutungie." Akakataa. "Atatunga Resti." Akakaa hivyo na ile moja mkononi mpaka walipomwambia nimetoka salama. Ndipo akaichoma kwenye kitambaa. Minza anasema hajawahi kuona mtu anaogopa vile huku ameshika sindano. Mimi kuzinduka na kushika uzi ilikuwa baada ya siku mbili, nikamtungia moja nimelala chali. Akasema fundo nimefunga vibaya, akalikata, akafunga lake.

Shuka lako limekwisha jana. Nililipima kwa shubiri nikamwambia, "Mama, umekosea, hili ni la kitanda cha mtu mmoja. Digna alisema tano kwa sita." Hakuacha hata kukunja. Akasema, "Tano kwa sita alale na nani?"

Nikamwambia ana mume. Akasema, "Mtu anayekuja kwao kula Krismasi habebi kichwa cha cherehani. Nilisikia kilivyotua sakafuni." Halafu akaniambia nisikuulize, nikupe shuka tu. Kwa hiyo sikuulizi, nampa Fulgensi, katikati ya gunia la mchele ili lisipate mvua.

Yeye sasa ameanza lingine. Nimemwuliza ni la nani, akaniambia nitunge uzi. Kila asubuhi ananinyooshea sabuni kitandani. Mkono wa dripu umenivimba lakini natunga, kidogo kidogo, siwezi kumkatalia. Nimechoka, mdogo wangu, ila si uchovu ule wa zamani.

Dada yako,
Restituta


Makambako,
10 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Shuka limefika kavu, linanukia mchele. Eveline alinisaidia kulitandaza mezani dukani, mafundi wote wakaja kuangalia. Cha bluu amekiweka upande wa kichwani.

Nakwambia sasa. Faustin alimleta yule mwanamke Novemba. Niliondoka na nguo na kichwa cha cherehani, simu ilibaki kwake, na Krismasi nilikuja nyumbani nikitaka kubaki. Nilikukuta umechoka, una mama na shamba, nikaona aibu kukuongezea mtu. Nikarudi. Nalala chumba cha nyuma cha duka la Eveline, kitanda cha tatu kwa sita katikati ya majora ya vitambaa. Nyumba ya kuezeka haikuwepo. Usiku ule nililitandika, nikalivuta huku na huku. Limetosha pande zote, dada, halikupungua wala kuzidi. Nililia mpaka Eveline akagonga ukuta.

Nafasi yangu hapa atachukua mwingine, na achukue. Nimefunga mzigo. Kichwa cha cherehani nimekizungushia shuka la mama, mkasi nimeuvika soksi ukae chini, kopo nimeziba kwa kitambaa. Nakuja na Fulgensi wiki ijayo, nashukia Ifakara moja kwa moja hospitalini, na kama mmeruhusiwa nitavuka mto kuja Lupiro. Majibu ya kipimo tutayasikia tukiwa wote, hata yakiwa mabaya.

Na sabuni nimenunua. Najua siku ya kwanza mama atanikataa, atasema fundo langu baya, atakata. Atazoea. Wewe weka mkono wako chini upoe. Kuanzia nikifika, uzi natunga mimi.

Mdogo wako,
Digna